Damu Yangu kwa Jina la Chacha

Siku ya kuniaga mlimwalika yule mama wa afya atufundishe kuhusu msongo wa mawazo kazini. Alibandika chati ukutani, akatuambia tuvute pumzi mpaka tumboni, kisha tuitoe polepole. Nilivuta, nikatoa. Sikuona tofauti kubwa, lakini mbuzi alikuwa bado jikoni na njaa ilikuwa imenishika, kwa hiyo nikanyamaza. Baadaye ninyi vijana wa maabara mkanizunguka: mzee Marwa, enzi zenu mlifanyaje? Nikasema nitawaandikia. Kusema kweli nilikuwa nakwepa. Lakini sasa niko nyumbani, sina slaidi ya kutazama, na mke wangu Boke amechoka kuniona nikizunguka uani kama kuku anayetafuta pa kutagia. Basi nimeketi.

Jibu ni kwamba hatukufanya lolote. Hata jina la jambo lenyewe hatukuwa nalo. Mtu akiishiwa nguvu tulisema ana fikira nyingi, au ana malaria iliyojificha, au jirani yake hampendi. Vyeo vyangu na mshahara wangu mtavikuta kwenye faili, kama panya hawajawatangulia. Mimi nitaeleza jambo moja tu la miaka ya sitini. Lilimharibia mama mmoja maisha, na mimi ndiye niliyelifanya.

Nilianza kupima damu mwanzoni mwa miaka hiyo, katika kituo kidogo pembeni mwa Bonde la Lambwe, kwenye njia ya kwenda Mbita. Nilikuwa kijana wa Kikuria kutoka mpakani, Kijaluo sijui hata salamu, mzigo wangu blanketi moja na cheti. Kazi ilikuwa ya malale. Kule vichakani kulikuwa na mbung'o, wenyeji wanawaita maugo, na akikuuma aliyebeba wadudu wadogo wa ugonjwa huo unaanza na homa. Kisha kichwa. Kisha usiku hulali na mchana unasinzia, unakuwa mtu wa hasira, unasahau, unatetemeka, mpaka mwisho unalala usiamke. Dawa ilikuwepo, ila ilitaka uwahi. Na kuwahi kwako kulitegemea mtu mmoja aliyeinamia hadubini.

Mtu huyo alikuwa Mzee Ezekia. Mjaluo, Msabato, mwembamba, kofia haimtoki. Nilimkuta dirishani, kwa sababu umeme hatukuwa nao. Hadubini yetu ilikuwa na kioo kidogo chini, unakigeuzageuza mpaka kinase jua. Hakuinua kichwa.

"Wewe ndiye wameniletea?"

"Ndiyo, mzee."

"Una macho?"

"Ninayo."

"Haya, tutaona. Anza kuosha slaidi."

Niliosha vile vipande vya kioo wiki nzima. Slaidi ikiwa na mafuta ya kidole chako damu haikai, inakimbia kando, na Mzee Ezekia alikuwa akiziinua moja moja kwenye mwanga na kunirudishia bila neno. Wiki ya pili nikafundishwa kutoboa kidole na kupaka. Tone moja nene huku, na pembeni yake damu iliyovutwa nyembamba kama utando. Jina la mgonjwa unaliandika kwa penseli juu ya damu yenyewe, pale pembeni ilipokauka, ili slaidi na mwenyewe visipoteane. Kisha rangi, kisha suuza, kisha tone la mafuta ya mwerezi, ndipo unainama.

Siku aliyoniruhusu kuinama nilitazama muda mrefu nikasema sioni kitu. Akasema, "Vizuri. Wengine siku ya kwanza wanaona kila kitu." Alinionyesha mdudu kwenye slaidi ya zamani, kitu chembamba cha zambarau kimejikunja katikati ya damu. Nilidhani kitakuwa kikubwa zaidi, kwa jinsi watu walivyokuwa wakifa.

Sheria yake ilikuwa maeneo mia moja kwa kila slaidi. Eneo ni lile duara unaloliona ukiinama, na ukisogeza slaidi kidogo unapata jingine. Alikuwa na mikebe miwili na punje za mahindi. Kila eneo, punje moja inatoka mkebe huu inaingia ule. Hata ukiona la tisini na tisa ni safi, lipo la mia. Kila baada ya slaidi kumi alisimama, akatoka nje, akaegemea ukuta, akatazama vilima vya Ruri. Hakufanya kingine. Watu kwenye foleni walikuwa wakimwona na yeye akiwaona. Mara moja mtu mmoja alimpigia kelele, Jaduong', yaani mzee, sisi tunaumwa na wewe unaangalia milima? Akamjibu kwamba anayaosha macho yatakayomtazama yeye. Mimi nilicheka pamoja na yule mtu. Nilimwona mzee kuwa na ujanja wa kukwepa kazi.

Kila Ijumaa jua likianza kuinama alipangusa lenzi, akafunika hadubini kwa kitambaa alichoshonewa na mkewe, akaenda zake. Hata afisa wa wilaya angekuja asingeifunua mpaka Jumamosi jua lizame. Mimi Mkatoliki nilipewa Jumapili yangu, lakini niliona aibu kuitumia. Watu wakitoka misani walipitia kituoni, nami niko palepale, nyumba yangu imepakana na maabara. Nitamwambiaje mtu arudi kesho? Kwa hiyo nilifanya kazi Jumamosi kwa ajili yake na Jumapili kwa ajili yangu. Nilijiona hodari kweli.

Miaka michache baada ya Uhuru alihamishiwa hospitali kubwa Homa Bay. Aliniachia mikebe na maneno machache. "Marwa, usiwe mwepesi wa kusema safi. Na siku yako, pumzika." Nikasema sawa mzee. Nikamfungia mzigo wake kwenye lori, nikabaki peke yangu.

Wakati huohuo watu walikuwa wameanza kuhamia bondeni kulima. Wengine walitoka Ndhiwa, wengine Karungu, wanafyeka vichaka ambavyo mbung'o amekaa tangu zamani. Foleni ilianza kabla sijanawa uso. Siku mbili za juma nilipanda lori la afya kwenda kuwapima watu sokoni, narudi na masanduku ya slaidi, na zile za kituoni zinanisubiri. Niliandika barua kuomba msaidizi. Jibu lilikuja, limeandikwa vizuri kabisa, likinishukuru kwa bidii yangu.

Sasa sikilizeni, maana hapa ndipo penyewe. Haikuja siku moja. Kwanza kichwa kilianza kuuma jioni, nikasema ni jua. Kisha kikawa kinauma asubuhi, kabla sijaona jua lenyewe. Usingizi ukanikimbia. Nikifumba macho naona maduara yanapita, moja baada ya jingine, na mimi nayahesabu. Mchana ninasinzia juu ya hadubini mpaka paji la uso linagonga chuma. Chakula kikawa kama karatasi mdomoni. Nilikuwa mtu wa mzaha, muulizeni Boke, lakini nikawa namfokea kwa ajili ya chumvi, nawafokea wagonjwa kwa sababu wanakohoa. Siku moja nilimsahau mtu aliyekuwa ameketi mbele yangu, kidole chake nimekishika mkononi. Nikamwuliza, wewe unataka nini?

Mtu mwingine angesema, huyu bwana amechoka. Lakini mimi nilikuwa mpimaji wa malale. Kichwa, kukosa usingizi, kusinzia mchana, hasira, kusahau: orodha hiyo nilikuwa ninaijua kuliko Baba Yetu. Na nilikuwa nimeumwa na mbung'o mara ngapi, nani atahesabu? Nikajifungia ndani adhuhuri moja, nikajitoboa kidole, nikapaka, nikainama. Safi. Nikahesabu tena maeneo mia mbili. Safi.

Ungedhani ningefurahi. Tatizo la kujua kazi ni kwamba unajua pia inavyoweza kudanganya. Nilijua kwamba slaidi moja safi si cheti cha uzima, mdudu anaweza kujificha leo akatoka kesho. Kesho yake nikajitoboa tena. Kisha ikawa kila asubuhi. Kisha asubuhi na adhuhuri. Sikutaka mtu ajue, kwa sababu ya woga. Ugonjwa ukishapanda kichwani dawa yake ilikuwa ya aseniki, inaunguza mshipa ikiingia, na niliwahi kuwaona watu iliowamaliza kabla ugonjwa haujawamaliza. Tena Mkuria mgeni mwenye malale, nani atampa hadubini? Kwa hiyo juu ya damu yangu niliandika jina Chacha. Kwetu akina Chacha ni wengi, hakuna atakayeuliza ni yupi. Nilimwandika hata kwenye rejista.

Boke aliviona vidole vyangu nikila ugali.

"Hivi vidole vimefanya nini?"

"Kazi."

"Kazi yako ni kutoboa watu. Nani anakutoboa wewe?"

Nikasukuma sahani nikatoka. Tulikuwa hatuna mwaka tangu nimwoe, akaanza kulia peke yake jikoni, na mimi nasikia, na bado naenda maabara. Hilo nalijutia mpaka leo na yeye anajua.

Sasa niwaeleze kuhusu Min Atieno, yaani mama yake Atieno, kwa maana jina lake lingine sikulijua. Alikuwa ametoka upande wa Ndhiwa na mumewe Okeyo kuja kulima bondeni. Mara ya kwanza alikuja na homa na kichwa. Nikampima, nikasema safi, na nadhani ilikuwa safi kweli. Mara ya pili sina hakika. Mara ya tatu Okeyo alimleta akiwa amemshika mkono wa nguo kama mtu anayemrudisha mwizi.

"Daktari, huyu analala tu. Analala shambani, jembe iko mkononi. Analala akipika, uji inaungua. Mimi nimechoka na yeye."

"Kichwa inauma," mama alisema polepole. "Usiku sipati usingizi."

Asubuhi ile nilikuwa nimekaa na slaidi mbili za Chacha tangu jua lilipotosha kutazamia. Maeneo mia tatu kila moja. Foleni ilikuwa imefika kwenye mti wa mwisho wa uani na jua limekuwa kali. Nilimtoboa, nikapaka kwa haraka, damu ikaenda mawimbi. Nikainama. Nilihesabu punje kumi na mbili. Kumi na mbili, vijana wangu. Kisha kitu ndani yangu kikasema basi, hapa hamna kitu, na mikono ikaacha yenyewe.

"Huna kitu, mama," nikasema. Na kwa kuwa hakuinuka haraka, nikaongeza kwa sauti ya kusikika nje: "Huu ni uvivu. Nenda ukalime."

Foleni nzima ilicheka. Yeye aliinuka, akashika ukingo wa meza kidogo, akaenda.

Kila mwisho wa mwezi slaidi zilifungwa kwenye sanduku zikapelekwa Homa Bay, na huko Mzee Ezekia alizichukua baadhi na kuzikagua upya. Slaidi za Chacha ningeweza kuziosha, nani angejua? Sikuziosha. Nilizipanga kwenye sanduku pamoja na nyingine. Nimefikiri sana kwa nini. Nadhani nilitaka macho mengine yanitazame bila mimi kuomba.

Alikuja Jumapili, na lori la afya. Nilikuwa dirishani, nje kuna watu wa misa wanasubiri. Aliingia bila kubisha, kofia kichwani, akaliweka sanduku mezani, akafunga mlango.

"Chacha ni nani?"

"Mgonjwa, mzee."

"Anakaa wapi?"

"Hapahapa karibu."

"Karibu namna gani?"

Nikashika kitambaa nikaanza kupangusa lenzi.

"Mwezi mmoja ametolewa damu mara arobaini na tatu. Hata ng'ombe wenu kule mpakani hawatolewi damu namna hiyo." Alifungua sanduku. "Nimezitazama zote. Si kwa kazi, ni kwa sababu zinapendeza. Hazina vumbi, hazina mkwaruzo, rangi imekaa sawasawa. Sijaona mtu anapaka damu vizuri hivi. Nikasema, kijana wangu amekomaa." Kisha akatoa slaidi nyingine, akaiweka kando ya zile. Haikuhitaji hadubini. Damu ilikuwa na mawimbi, na alama ya kidole gumba changu katikati. Jina la penseli lilikuwa Min Atieno.

"Eneo la thelathini na moja," alisema. "Wadudu wawili, wamekaa pamoja. Wewe ulifika wapi?"

"Kumi na mbili."

Hakunitukana. Nilitamani anitukane.

"Kaka yake alimleta Homa Bay juzi, amebebwa. Iko kichwani tayari. Wameanza ile dawa."

"Mzee," nikasema, na sauti ikanitoka kama ya mtoto, "mimi pia ninayo. Nina malale."

"Huna."

"Dalili zote ninazo!"

"Dalili unazo. Malale huna. Slaidi arobaini na tatu, omera, ndugu yangu."

"Basi nina nini?"

"Umechoka."

Nilikasirika. Niliona ananidharau, ananipa ugonjwa wa watoto. Nikamwambia kila mtu amechoka, wanawake wanaobeba maji kutoka ziwani wamechoka, yeye mwenyewe anatazama milima saa za kazi ndiyo maana hachoki. Alinisikiliza mpaka nikamaliza.

"Ndiyo, kila mtu amechoka," akasema. "Lakini mchovu wa jembe akikosea anajikata mguu wake. Wewe umemkata huyu mama. Siku ya mwisho kufunika hii hadubini kutwa nzima ilikuwa lini?"

Nilifikiri. Nilifikiri kwa bidii, kama mtu anayetafuta mdudu, na sikuipata. Hapo ndipo nilipolia. Nililia nimesimama, mikono imening'inia, na watu dirishani wanatazama. Mzee Ezekia alinisogeza kwa bega, akakaa kwenye kigoda changu, akageuza kioo kunasa jua.

"Nenda kwa mkeo. Mwambie Chacha ni nani. Mimi nitawapima hawa."

Nilimwambia Boke. Akasema alikuwa ameshaamua kwamba nina mwanamke mwingine, na kwamba angependa zaidi awe mwanamke. Halafu akavichukua vidole vyangu akavitia kwenye maji ya chumvi.

Homa Bay daktari alinipima. Hata mgongo alinitoboa, kwa ombi langu mwenyewe, maana bila hivyo nisingeamini mpaka kufa. Maji ya uti wa mgongo yalitoka safi, hayana mdudu. Akaniandikia likizo ya mwezi mmoja, sababu akaandika uchovu, na karani aliyepiga muhuri akauliza kama hilo nalo ni ugonjwa. Nilikwenda kwetu mpakani kuchunga ng'ombe wa baba. Wiki ya kwanza sikulala, niliendelea kuhesabu maduara. Wiki ya pili nilisinzia kwenye nyasi alasiri moja, nikaamshwa na ulimi wa ndama. Baba hakuuliza kitu. Mama aliuliza kila kitu. Kichwa hakikuacha kuuma palepale kama hadithi, kiliacha kidogokidogo kwa miezi, na mpaka leo nikizidiwa ni hicho kinachonipa habari kwanza.

Mlitaka kujua tulifanyaje. Baada ya hapo nilifanya alivyofanya mzee, bila aibu. Slaidi kumi, natoka nje, natazama mbali, na anayetaka kupiga kelele apige. Jumapili kitambaa juu ya hadubini na kufuli mlangoni. Watu walilalamika Jumapili mbili, ya tatu wakaja Jumatatu. Nilimwambia Boke akiniona nafoka kwa ajili ya chumvi aniambie palepale, na ameitumia ruhusa hiyo kupita kiasi. Nikiona mkono unataka kuacha kabla ya mia, nilisimama, nikamwambia mgonjwa kwa mdomo wangu: leo siwezi kukutazama vizuri, ngoja kesho au panda lori uende Homa Bay. Mara ya kwanza kusema hivyo ulimi ulikuwa mzito mno. Na jambo jingine: usijipime mwenyewe. Si kwa damu, si kwa mawazo. Mpe mwingine akutazame, kwa jina lako.

Msaidizi nililetewa miaka miwili baadaye. Sitasema zaidi, barua yangu ya pili haikuwa na adabu.

Min Atieno aliipita ile dawa. Wengi hawakuipita, yeye aliipita, lakini mkono wa kulia ulibaki ukitetemeka na maneno yakawa yanamjia kwa kuchelewa. Okeyo alimrudisha kwao Ndhiwa. Likizo ilipokwisha, kabla sijashika hadubini, nilimwomba Mzee Ezekia tuende kwake. Nilimhitaji kwa ajili ya Kijaluo, hivyo ndivyo nilivyojidanganya. Tulikwenda kwa baiskeli, yeye mbele.

Tulimkuta kwenye kivuli cha nyumba ya mama yake, anachambua omena, wale dagaa wa ziwani, kwenye ungo kwa mkono wa kushoto. Ule wa kulia ulikuwa pajani, unacheza peke yake. Mzee alisalimia, akasema mimi ni nani, kisha akaenda kuongea na watu wa boma. Akaniacha hapo. Nilikuwa nimeandaa maneno njia nzima: foleni, jua, barua ya msaidizi, siku saba kwa wiki. Yote yalikuwa kweli.

"Mama," nikasema, "siku ile ya mwisho damu yako ilikuwa na mdudu. Sikumwona. Sikumtafuta."

Aliendelea kuchambua.

"Ulisema mimi mvivu."

"Ndiyo, mama."

"Watu walicheka. Okeyo pia alicheka."

"Ndiyo."

"Kwa nini hukutafuta?"

Sikutaja foleni wala barua.

"Nilikuwa nimechoka," nikasema. "Nilikuwa silali."

Aliacha omena. Alinitazama usoni, mara ya kwanza tangu nifike, akatafuta maneno yake taratibu mpaka yakaja. Hakuwa na hasira, na hilo ndilo lililonishinda kubeba.

"Si ungefunga mlango, ulale," alisema. "Mimi ningeenda kwa mwingine."